Uta wa Liongo na Swali Nililolikwepa

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari, na karibu kila mwaka nilifika mahali pale pale. Fumo Liongo, akiisha kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anatwaa uta wake, anatoka, anapiga goti karibu na kisima, anapachika mshale, na kufa katika hali hiyo hiyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai na kwamba ameghadhibika. Siku zinapita, mji una kiu, na hakuna anayethubutu kuteka maji.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, maiti huwezaje kushikilia upinde uliovutwa?" Darasa likacheka. Nami, badala ya kukiri kwamba sijui, nilimjibu kwamba hiyo ni chuku, na kwamba shujaa wa masimulizi hapimwi kwa mizani ya watu wa kawaida. Nikaliandika neno chuku ubaoni, naye akalinakili daftarini na kuketi. Kwa mtihani, jibu lilitosha. Lakini mimi nilikuwa sijapata kuushika upinde hata siku moja maishani mwangu, na yule mtoto, nadhani, alilitambua hilo usoni mwangu.

Nilipostaafu, swali lile lilistaafu pamoja nami, likawa linanitembelea jioni. Hatimaye mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu, mzaliwa wa bara ya Malindi, alinipeleka kwa mzee wa Kiwaata ambaye bado ana mkono wa kuchonga pinde. Waata ndio ambao watu wa Pwani waliwaita Wasanye au Walangulo: wawindaji wa nyika iliyo baina ya mto Tana na Tsavo, wenye lugha iliyo karibu na Kiorma.

"Mwalimu, wautakia nini uta?" mzee aliniuliza. "Nyama siku hizi hununuliwa buchani."

Nilimwambia kwamba nimelisema neno hilo maisha yangu yote na sijui ninachokisema. Alinitazama mabega, akatabasamu. "Basi nitakuchongea wa kijana anayeanza. Wetu wenyewe utakuumiza, mwanangu."

Hakunidharau. Pinde kubwa za Waata, zile za kuwindia ndovu, zilijulikana kwa ugumu wake. Kuzivuta kulihitaji nguvu inayokaribia au kupita ratili 100, yaani kilo 45 hivi. Wangu, kwa kukisia, hauhitaji hata nusu ya nguvu hiyo. Ni kipande kimoja cha mti wa mkone, kilichokaushwa kivulini, kikachongwa taratibu kwa kisu, kinene katikati na chembamba kuelekea ncha. Si upinde wa namna ya Waturuki au Wamongolia, ulioungwa kwa mbao, pembe na mishipa ya mnyama, ukawa na ncha zinazojirudi mbele. Upinde wa namna ile ni mfupi, una nguvu nyingi, na humfaa mpanda farasi, lakini gundi yake haipatani na unyevu. Mti mmoja mzima hauna gundi ya kuachia.

Kila baada ya kuchonga kidogo, mzee aliukunja upinde polepole, akaukodolea macho, akaona upande uliokaidi, akaupunguza unyoya mmoja wa mbao. Alisema upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenziwe, upinde hauvunjiki siku hiyo. Huvunjika siku unapouhitaji. Uzi wake aliusokota kwa mishipa ya ng'ombe. Zamani, alisema, ingekuwa mishipa ya mnyama wa porini, lakini hayo sasa ni makosa kisheria.

Tulipokuwa tukingoja, tulibadilishana maneno. Yeye alinitajia kila kipande kwa lugha yake, nami nikamtajia kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipogundua utajiri nilioulalia bila kujua. Upinde ni jina la umbo, kitu kilichopindwa. Ndiyo maana hata mbinguni tuna upinde wa mvua. Uta ni jina la silaha yenyewe, nalo ni la kale mno: Wakikuyu na Wakamba wanalo, na kusini kabisa Washona wanalo. Wingi wake, mata, katika ushairi wa kale ulipanuka hata ukabeba maana ya silaha kwa jumla. Uzi wa upinde ni upote. Uti wa mshale ni wano. Kichwa chake ni chembe, au kigumba. Mfuko wa mishale ni podo, au ziaka. Wanajimu wetu walipohitaji jina la buruji la mpiga mishale, waliazima Kausi kutoka Kiarabu. Lakini uta wa mkononi haukuazimwa popote. Ulikuja na wazee waliotuletea lugha.

Maneno haya yote yamo katika kamusi. Nimewasahihishia wanafunzi insha maelfu, na sikumbuki hata mmoja aliyeandika upote au wano. Wangeyapata wapi, ikiwa mwalimu wao mwenyewe aliyapita kama mtu apitaye makaburini, kwa heshima na kwa haraka?

Kuna jambo jingine nililolipita kwa haraka, nalo ni zito zaidi. Katika utenzi wa Liongo alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Wasanye na Wadahalo wanaonekana kama watu waliokubali fedha za mfalme ili wamuue shujaa. Walikula naye makoma kwa kikoa, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu yake, wakisubiri zamu ya Liongo ili wampige mishale akiwa juu. Liongo hakupanda. Alisimama chini, akayaangusha makoma kwa mishale yake. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba hapa tunaona werevu wa shujaa na hila za maadui, kisha tukasonga mbele.

Sasa nauliza: kwa nini mfalme aliwatafuta watu hao? Kwa sababu katika nchi ile hakuna waliousifika kwa uta kuliko wao. Utenzi, hata unapowalaumu, unawashuhudia. Na ikiwa Liongo aliwashinda kwa silaha yao wenyewe, mbele ya macho yao, basi sifa yake imepimwa kwa kipimo chao. Nenda leo katika Jumba la Makumbusho la Lamu, uitazame siwa ya Pate, pembe ya ndovu iliyochongwa kwa ustadi wa ajabu, iliyopigwa katika sherehe za wenye enzi. Ndovu yule hakufugwa mjini. Kabla ya mchongaji kuna mwindaji, na jina lake halikuandikwa popote.

Historia iliyofuata haikuwatendea Waata wema. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliifanya Tsavo kuwa hifadhi ya taifa, na nyika waliyoizunguka tangu enzi na enzi ikawa mahali pa kukatazwa. Katika miaka ya 1950 uliendeshwa msako mkali dhidi ya wawindaji wa ndovu. Wengi wao walifungwa, na pinde zao zikatwaliwa kuwa ushahidi. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Simlilii ndovu aliyesalimika. Nafurahi yupo, na wajukuu wangu wamemwona. Lakini mtu aliyekuwa fundi jioni alilala, asubuhi akaamka mhalifu, na watoto wake wakajifunza kuyaficha maneno pamoja na mishale. Mzee wangu alipokuwa akinitajia vipande vya uta, alipunguza sauti mara mbili, ingawa tulikuwa peke yetu chini ya mti.

Nilirudi nyumbani na upinde na mishale sita isiyo na sumu. Nyuma ya nyumba nilijaza makumbi ya nazi ndani ya gunia, nikalitundika, nikahesabu hatua 20. Mshale wa kwanza ulipita juu ya ua wa jirani, nikaenda kuomba radhi. Wa pili ulianguka miguuni mwangu. Upote ulinichapa mkono wa kushoto, ukaacha alama ya zambarau kwa juma zima. Mke wangu aliniuliza kama nimerudi chuoni. Baada ya miezi miwili, mishale minne kati ya sita huingia guniani. Si haba kwa mtu wa umri wangu.

Lakini jambo nililolitafuta nililipata siku ile ya kwanza. Nilivuta upinde hadi shavuni nikajaribu kuutuliza. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Mabega yakatetemeka, vidole vikaungua, na kabla ya kufika kumi mshale ulikwenda ulikotaka. Huo ni upinde wa kijana anayeanza. Hakuna aliye hai awezaye kuushikilia uta wa shujaa, umevutwa, kutwa nzima, sembuse maiti.

Basi jibu langu la ubaoni lilikuwa la uvivu. Masimulizi yanasema Liongo alipiga goti na kupachika mshale. Waliobaki walimtazama kwa mbali, na katika umbali ule upote uliolegea na upote uliovutwa havitofautiani. Hakuna aliyesogea hatua 20 ili ahakikishe. Mkono wa marehemu haukuvuta kitu. Hofu ya mji ndiyo iliyovuta. Watu waliopanga kumuua kwa siri sasa hawakuweza kunywa maji, kwa sababu walijua walichokitenda. Yule msichana aliuliza swali la fundi, nami nikamjibu kwa istilahi.

Siku hiyo niliandika ubeti mmoja, niuweke hapa kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni wasamehevu:

Upinde niliushika, mikono ikatetema,
Neno nikalikumbuka, nilodhani nalisema,
Kumbe tu nilitamka, maana ikanihama,
Neno lisilotendeka, ni ganda lisilo nyama.

Yule msichana sasa ni mama wa watu wazima, na sijui aliko. Ikiwa anasoma haya, naomba alifute lile neno daftarini. Nanyi wasomaji, ikiwa kwenu bado yupo mzee anayejua jina la kila kipande cha uta, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote jirani yake, mwendeeni upesi na kalamu. Na akipunguza sauti, msimharakishe.