Maji Hufuata Mkondo

Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo. Neno hili hulijua kila mkulima apandaye mteremkoni, lakini matabibu walitambua uzito wake baada ya kuona hatari. Habari zenyewe ni za ganzi itiwayo mgongoni.

Uti wa mgongo ni safu ya pingili za mfupa, na ndani yake mna mfereji. Katika mfereji huo umelala ugwe wa fahamu, nao umezungukwa na maji safi. Kwa mtu mzima ugwe huo hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki mishipa ya fahamu ielayo majini. Mwaka 1891 Heinrich Quincke, tabibu wa mji wa Kiel katika Ujerumani, alionyesha namna ya kupenyeza sindano mahali hapo na kutoa maji pasipo kuudhuru ugwe.

August Bier, mpasuaji wa mji huo huo, aliwaza kuwa pawezapo kutolewa maji paweza pia kutiwa dawa. Tarehe 16 Agosti 1898 alimtia mgonjwa kokeini mgongoni, akampasua mguu bila ya maumivu. Siku nane baadaye yeye na msaidizi wake, August Hildebrandt, walijaribiana wao wenyewe. Hildebrandt alipigwa nyundo ya chuma juu ya muundi asisikie uchungu. Lakini ganzi ilipokwisha, wote wawili waliugua, na Bier alilazwa kitandani kwa maumivu ya kichwa.

Ushindi huo ulizaa swali gumu: dawa ikishatiwa, huenda wapi? Kipimo kile kile kiliweza kumfa ganzi mgonjwa mmoja miguu tu, na mwingine hadi kifuani. Ganzi ikipanda mno, nguvu za damu hushuka. Ikifika shingoni, penye asili ya mishipa iendeshayo kiwambo cha pumzi, mtu huacha kupumua. Basi kujua njia ya dawa lilikuwa jambo la uhai na mauti.

Mwaka 1907 Arthur Barker, mpasuaji wa London, alitoa jibu lake. Alichanganya dawa na glukosi ili iwe nzito kuliko maji ya mgongo, kisha akaitazama ikitembea ndani ya bomba la kioo lililopindwa kwa mfano wa uti wa mgongo. Maana mtu alalapo chali, uti wake haunyooki: kiunoni huinuka kama kilima, na nyuma ya kifua hudidimia kama bonde. Dawa nzito imwagwayo kilimani huteremka pande mbili, nyingine kwenye nyonga na nyingine kwenye bonde la kifua. Kichwa na mabega yakiinuliwa kwa mito, haiwezi kupanda shingoni. Mgonjwa akilala ubavu, upande wa chini hufa ganzi zaidi. Akiketishwa kitako, ganzi hukaa makalioni. Dawa nyepesi kuliko maji hayo hufanya kinyume chake.

Hata hivyo miili haifanani. Mwanamke mwenye nyonga pana alalapo ubavu, uti wake huinama kuelekea kichwani. Mja mzito mishipa yake ya damu hujaa na kuubana mfereji, hivyo dawa kidogo humtosha. Tena baada ya dakika kadhaa dawa hushikamana na mishipa ya fahamu, na kumgeuza mgonjwa hakufai sana. Tabibu sharti afikiri kabla ya kuchoma sindano.

Kokeini imekwisha kuachwa kwa kazi hii, lakini glukosi ingali ikichanganywa na dawa za ganzi za leo, na kina mama wengi wapasuliwao wakati wa kujifungua husikia kwa masikio yao kilio cha kwanza cha watoto wao. Nguvu ya dawa peke yake isingaliwafikisha hapo. Ilihitaji mtu wa kukumbuka kuwa hata ndani ya mwili mna vilima na mabonde, na kwamba maji hayasahau mkondo wake.