Wazee wa Machakos na Kifua Kikuu

Wanachama na wazee wetu wa Muthetheni, katika taarifa hii twapenda kuwakumbusha habari moja ya wilaya yetu ya zamani ambayo vijana wengi hawaijui.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekivumbua kijidudu cha kifua kikuu. Tangu hapo ilijulikana kuwa ugonjwa huu si uchawi wala laana ya ukoo. Baadaye zikapatikana dawa za kuuponya. Lakini dawa haimfai mgonjwa asiyejulikana, na mashine za kupiga picha ya kifua zilikuwa ghali, tena zilihitaji umeme.

Kwa hiyo, katika miaka ya 1970, watafiti wa Kenya na wenzao wa Uingereza walijaribu njia nyepesi katika Machakos. Waliwaomba wazee wawatajie watu wenye kikohozi cha siku nyingi, ili makohozi yao yachunguzwe. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1977.

Kwa nini wazee? Kwa sababu mzee aitaye watu kwenye mwethya ajua ni nani hakufika, na sababu yake. Ujuzi huo haununuliwi.

Makohozi hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi nyekundu, kisha huoshwa kwa asidi. Kijidudu hiki hakiachi rangi yake, basi huonekana chekundu katika darubini. Hata hivyo darubini huwakosa wagonjwa wenye vijidudu vichache. Mwezi Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho huona zaidi. Lakini vyombo vyote viwili humngoja mgonjwa afikishwe, na mzee hawezi kumtaja aliyefichwa nyumbani kwa aibu.

Twakiri kwamba tumewazika wenzetu ambao kikohozi chao tulikisikia tukanyamaza. Basi kila mwenye nyumba na aulize: ni nani akohoaye kupita majuma mawili, akondaye, atokwaye na jasho usiku? Amwambie kwa upole, amsindikize zahanati. Katika vituo vya serikali dawa hutolewa bila malipo, na kwa kawaida matibabu huchukua miezi sita.

Wazee wetu walitaja majina ili watu wapone. Nasi tusiache kazi hiyo.