Je, neno ‘dengue’ lilitoka kwetu Uswahilini?

Kila mvua zinaponyesha Pwani na habari za homa ya dengue zikaanza kusikika redioni, wapenzi wa Kiswahili huniuliza swali lile lile: ni kweli kwamba Wazungu walichukua neno hili kwetu? Wengi wamelisoma mahali na hulitaja kwa fahari, kama wanavyolitaja ‘safari’. Madai hayo si porojo za vijiweni. Yana mwenyewe, na mwenyewe alikuwa msomi.

James Christie alikuwa daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja. Mwaka wa 1870 homa kali ilizuka kisiwani humo. Watu walishikwa ghafla, viungo vikakaza, ngozi ikatoka vipele. Wenyeji hawakuhangaika kutafuta jina. Walisema hii ni kidinga pepo, na wazee wakamwambia daktari kwamba iliwahi kupita mnamo 1823, nayo ikaitwa hivyo hivyo. Christie aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka wa 1872. Alieleza kwamba ‘dinga’ ni mkakamao wa ghafla wa misuli, na ‘pepo’, basi, ni yule yule tunayemjua.

Mwaka wa 1881 akapiga hatua kubwa zaidi. Ugonjwa uliofanana na huo ulikuwa umevuma visiwa vya Karibiani mnamo 1827 na 1828. Katika visiwa vya Waingereza uliitwa ‘dandy’, na kule Cuba ukaitwa ‘dengue’. Christie akaunganisha: neno na maradhi yalivuka bahari pamoja katika merikebu za watumwa, ‘dinga’ ikawa ‘dengue’.

Hoja tamu hiyo, jamani. Tatizo ni tarehe. Ipo barua ya Malkia María Luisa wa Uhispania, ya mwaka wa 1801, inayotaja maradhi yaliyokuwa yameenea wakati huo na kuitwa ‘dengue’. Ni zaidi ya miaka ishirini kabla ya homa ya Unguja ya 1823! Isitoshe, katika Kihispania neno hilo lina maana nyingine ya madaha na maringo. Mtu aliyekakamaa viungo hutembea kana kwamba anaringa, na ‘dandy’ ya Waingereza inaelekea huko huko kwa mlimbwende. Kwa maoni yangu Christie aliteleza pale wanapoteleza wengi wanaotafiti nasaba za maneno: alisikia sauti mbili zinazofanana akazifunga ndoa. Sisemi kwamba haiwezekani. Nasema kufanana kwa sauti si ushahidi.

Lakini kuna kisa kinachonivutia zaidi ya hicho. Mnamo 1952 na 1953 homa ya viungo ilienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wenyewe waliiita chikungunya, kutokana na kitenzi chao chenye maana ya kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyopinda kwa maumivu. (Eti kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ni neno la Kiswahili. Hiyo ‘chi-’ peke yake ingetosha kuwazindua, maana pale sisi tunaposema ki-, Wamakonde husema chi-.) Wanasayansi walipata kirusi kipya, tofauti kabisa na cha dengue. Mwaka wa 1971 mtafiti Carey alirejelea maandishi ya Christie na kuona kwamba homa ya Unguja, kwa jinsi ilivyoacha viungo vikiuma muda mrefu, ilifanana zaidi na chikungunya.

Tazama mkanganyiko huo! Kidingapopo, kama kamusi zinavyoliandika leo kwa maana ya dengue, huenda mwanzoni lilikuwa jina la chikungunya.

Simlaumu Christie. Kwa macho matupu maradhi haya ni pacha. Homa, kichwa, vipele, viungo. Hata mbu ni yule yule, Aedes, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye mapipa na magurudumu makuukuu. Bancroft alimshuku mbu huyo kule Australia mnamo 1906. Mwaka uliofuata Ashburn na Craig walionyesha mjini Manila kwamba chanzo cha dengue ni kitu kidogo kiasi cha kupenya kichujio kinachozuia bakteria. Kirusi chenyewe kilitengwa na Wajapani Kimura na Hotta mwaka wa 1943, wakati wa vita, kisha Sabin wa Marekani akagundua kwamba dengue haina sura moja. Sasa tunajua aina nne.

Hizo aina nne ndizo zenye balaa. Aliyeugua moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo, lakini akija kushikwa na nyingine, askari wa mwili waliobaki wanaweza kumsaidia adui aingie kwenye seli. Halstead aliyachunguza haya akianzia kwa watoto wa Bangkok. Ndiyo maana kujua mtu aliugua nini si anasa ya maabara. Aspirini au dawa za jamii ya ibuprofen zinaweza kumtia mgonjwa wa dengue katika hatari ya kuvuja damu, ilhali mwenye chikungunya huhitaji dawa za jamii hiyo viungo vinapoendelea kuuma, dengue ikishaondolewa shaka.

Na hapa kwetu? Dengue ilithibitishwa Malindi mnamo 1982 na kuzuka Mombasa mwaka wa 2013. Chikungunya iliikumba Lamu mwaka wa 2004, ikadhaniwa kuwa imewapata watu watatu kati ya kila wanne kisiwani. Hata hivyo, mitaani kila homa bado ni malaria hadi kipimo kikatae. Mtu anameza dawa za malaria siku tatu, haoni nafuu, anarudi kununua nyingine.

Mimi nitaendelea kuandika kidingapopo kwa dengue, kwa kuwa kamusi zimekwisha kuamua, na chikungunya tuwaachie Wamakonde haki yao. Kwa wale wazee wa Unguja, walikumbuka homa ya miaka arubaini na saba nyuma kwa jina lake, na bila maneno yao Christie asingejua kwamba iliwahi kufika kule kabla ya 1870.