Kutoka Kiribatumbo hadi Kizuia-oksidisho: Historia Fupi ya Baadhi ya Istilahi za Lishe

Istilahi za tiba hazina budi kupimwa kwa uangalifu kuliko nyingine. Mwanafunzi akikosea maana ya neno la sarufi, mwalimu humsahihisha. Mgonjwa akipotoshwa na neno lililoandikwa kwenye kikopo cha vidonge, huenda akaacha dawa aliyopewa hospitalini. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyoyapokea maradhi ya unene, na neno moja ambalo bado linatutatiza.

Maneno ya awali yaliundwa kwa ufundi. Neno kisukari limeundwa kwa kiambishi ki- na neno sukari, lenye asili ya Kiarabu. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Kutokana nacho tumepata kiribatumbo, yaani unene uliokithiri. Lishe nalo limetokana na kitenzi lisha, na likapata hadhi ya kiserikali Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoundwa kwa sheria mwaka 1973. Maneno haya yote hueleweka bila mkalimani.

Haja ya maneno hayo imekua pamoja na maradhi yenyewe. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wasiofikia 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, ingawa njia zake zilikuwa tofauti, ulikuta kiasi cha 9 katika kila 100 ya watu wazima. Pamoja na maradhi hayo zimekuja bidhaa zinazonadiwa kuwa tiba ya asili, na hapo ndipo penye tatizo.

Vitamini C, vitamini E na beta-karotini huzuia oksijeni isiharibu chembe za mwili. Wafasiri wengine huziita "viondoa sumu". Wengine huziita "vioksidishaji", neno ambalo maana yake ni kinyume kabisa. La kwanza ni la hatari zaidi, kwani humfanya msomaji aamini kwamba kisukari ni sumu inayoweza kufagiliwa nje ya mwili. Majaribio hayaungi mkono imani hiyo. Matokeo yaliyotangazwa Marekani mwaka 1999 yalionyesha kwamba madaktari waliomeza beta-karotini kwa miaka 12 hawakukingika na kisukari kuliko wenzao ambao hawakuimeza. Huko Ufini, mwaka 1994, ilionekana kwamba wavutaji sigara waliopewa vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi.

Haya hayashushi thamani ya chakula chenyewe. Tuchukue mfano wa Shishiyu, Wilaya ya Maswa, katika Mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Huko Usukumani viazi vitamu hukatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa. Ubuyu na ukwaju navyo si vigeni. Viazi vya rangi ya chungwa, vyenye beta-karotini kwa wingi, vilipoenezwa Kanda ya Ziwa vilipewa jina la viazi lishe. Jina hilo ni la kweli: linaahidi lishe, wala haliahidi tiba. Isitoshe, jua la kuanikia hupunguza beta-karotini, na mgonjwa wa kisukari hana budi kupima kiasi cha viazi anachokula, viwe vya rangi yoyote.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi kizuia-oksidisho, wingi vizuia-oksidisho, kwa kuwa inataja kazi ya kitu bila kukisifu. Vidonge na unga wake viitwe virutubisho vya nyongeza, visiitwe dawa. Magonjwa yanayofuatana na kiribatumbo yaitwe magonjwa ya umetaboli, na mwalimu aeleze kwamba umetaboli ni jinsi mwili unavyokitumia chakula.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika vitabu, matangazo na lebo zipitiazo mikononi mwao. Mkulima wa Shishiyu anayesoma kikopo dukani hana kamusi mkononi. Neno lililo juu ya kikopo ndilo mshauri wake.