Kikohozi cha mtoto: Si kila kifua huhitaji antibiotiki

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti huandamana na ukungu na baridi katika miteremko ya Mlima Kenya. Huko Karurumo, karibu na mji wa Runyenjes katika kaunti ya Embu, kama kwingineko nyanda za juu, huu ndio msimu wa watoto kukohoa na kutokwa na kamasi. Si ajabu kumwona mzazi akipitia kwenye duka la dawa kuitisha antibiotiki kabla mtoto hajapimwa na yeyote.

Antibiotiki huua bakteria au kuzuia kuzaana kwao. Haziwezi virusi, na virusi ndivyo vinavyosababisha mafua na vikohozi vingi vya watoto. Makohozi kugeuka rangi ya kijani au manjano hakuthibitishi kwamba dawa hizo zinahitajika.

Hata nimonia kali mara nyingi hutokana na virusi. Utafiti uliofanywa katika nchi saba, zikiwemo Kenya, kupitia Kilifi, na Zambia, ulichapishwa mwaka wa 2019. Miongoni mwa watoto waliolazwa na ambao hawakuwa na virusi vya Ukimwi, virusi vya aina mbalimbali vilikadiriwa kusababisha takriban asilimia 61 ya visa, na bakteria asilimia 27.

Hata hivyo, hakuna mzazi awezaye kutenganisha nimonia ya bakteria na ya virusi kwa macho. Ndiyo maana wahudumu wa afya hutazama upumuaji wa mtoto.

Mtoto akiwa ametulia, pumzi zake huhesabiwa kwa dakika moja kamili. Kwa mwenye kikohozi, kasi ifuatayo huashiria uwezekano wa nimonia:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Dalili nyingine ni sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani mtoto avutapo pumzi. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kukosa fahamu, apelekwe hospitalini mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 asisubiri dalili kuzidi.

Nimonia isiyo na dalili hizo za hatari hutibiwa kwa tembe za amoksilini ziyeyukazo majini, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa siku 5. Kipimo hutegemea uzani wa mtoto. Zamani, mtoto ambaye kifua chake kilibonyea alilazwa na kudungwa sindano za penisilini. Utafiti uliohusisha watoto 527 katika hospitali sita za Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kuwa baada ya saa 48 matibabu yalishindwa kwa takriban asilimia 8 ya watoto, wawe walimeza amoksilini au walidungwa sindano.

Dawa hii rahisi itaendelea kufaa iwapo haitachezewa. Kila antibiotiki itumiwapo pasipo haja, bakteria wanyonge hufa na wale sugu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya kuhusu hatari hiyo mwaka wa 1945. Mwaka wa 2019, usugu wa bakteria ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Kenya ilizindua sera na mpango wa kitaifa wa kukabiliana nao mwaka wa 2017.

Kwa hivyo, dawa iliyosalia ya mtoto mmoja asipewe mwingine, na aliyeandikiwa siku 5 asikatizwe siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka.

Mwenye mafua ya kawaida huhitaji kunyonyeshwa zaidi, vinywaji na kusafishwa pua. Asali humtuliza koo aliyetimiza mwaka mmoja, lakini ni hatari kwa mdogo zaidi. Kumweka mtoto mbali na moshi wa kuni husaidia, sawa na chanjo dhidi ya bakteria wa nimokoko, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka wa 2011 kwa watoto wa wiki 6, 10 na 14.

Mzazi mwenye shaka na ahesabu pumzi kwanza. Zikizidi kiwango, safari ni ya kituo cha afya, si ya duka la dawa.