Eastlando ni Vijiji vya Kiingereza, na Hakuna Aliyetuambia

Wasee wa Eastlando, kuna kitu hatukufunzwa shule. Hii mitaa yetu, hizi nyumba za mawe zenye paa za vigae, imechorwa kwa kuiga kijiji cha Uingereza. Sitanii.

Mwaka 1898 jamaa mmoja Muingereza, Ebenezer Howard, aliandika kitabu akisema miji ya kwao imejaa moshi na msongamano, so watu wajengewe miji midogo yenye bustani. Mwaka 1903 wakaanza kujenga Letchworth, kaskazini ya London. Waliochora walipenda vile vijiji vya zamani: nyumba ndogo ndogo, uwanja wa nyasi katikati, watoto wakicheza mahali mama anawaona.

Hilo wazo lilipanda meli likafika Nairobi. Kaloleni ilijengwa miaka ya 40, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walifanya kazi hapo. Ingia Google Maps uiangalie kutoka juu. Barabara zake kubwa zinaelekea katikati, kwa ukumbi wa jamii na uwanja. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatoa ramani kuu ya jiji, na hiyo ramani ilitaka mitaa ipangwe hivyo hivyo: kila mtaa na shule yake, duka zake, na uwanja wake.

Poa, sindio? Sasa sikiza upande wa pili.

Kijiji cha Uingereza kilikuwa cha mtu kukaa na familia yake hadi azeeke. Huku kwetu Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa kazi. Alitembea na kipande, na kazi ikiisha, arudi mashambani. Ndio maana nyumba nyingi za hii mitaa ya zamani ni chumba kimoja ama viwili. Na mtaa uliopangwa vizuri ni rahisi pia kuuzingira. Aprili 1954 wanajeshi walifunga Nairobi kwa msako wa Operation Anvil, wakapitia Eastlands nyumba kwa nyumba. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walibebwa hadi kambi kama Manyani.

Lakini wazae wetu hawakukubali kuwa wageni. Ule ukumbi wa Kaloleni uligeuka bunge lao. Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji, alikuwa anajaza watu hapo miaka ya mwisho ya 50. Mkoloni alijenga ukumbi watu wacheze dansi na watulie. Watu wakautumia kumfukuza.

Hata majina yanaongea. Mbotela na Ofafa walikuwa madiwani Waafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Lumumba ni yule wa Kongo. Ukitembea kutoka Lumumba upite Jericho, Maringo, uvuke Jogoo Road hadi Kaloleni, umesoma historia ya miaka ishirini na hujalipa hata nauli ya mathree.

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu kaunti ina mpango wa kubomoa mitaa ya zamani ijenge magorofa. Nyumba za zamani za Pangani zilishaenda, na Jericho iko kwa orodha. Na mimi sitawaambia tuzuie tingatinga. Sewage ikipasuka mlangoni kwako, historia haikusaidii. Watu ni wengi na keja ni chache, hiyo ni ukweli.

Shida yangu ni moja. Hesabu ya magorofa inahesabu nyumba tu. Haihesabu uwanja. Camp Toyoyo ikifungwa, mtoto wa Jericho atacheza mpira wapi, kwa ngazi? Ukumbi ukienda, mkutano wa kuuliza kodi imepanda kwa nini utafanyika wapi, WhatsApp?

Kwa hivyo wakiitisha kikao cha maoni ya wananchi, usiwaachie wazae peke yao. Enda. Uliza vitu vitatu: mpangaji wa sasa ana hakikisho gani kwa maandishi kwamba atarudi, uwanja utabaki ukubwa gani, na ukumbi utakuwa wapi. Wakikosa majibu, usisaini.

Hivi vijiji havikujengwa tuvipende. Wazae walivifanya nyumbani kwa nguvu. Hiyo sehemu ndio yetu, na hiyo ndio ya kulinda.