Damu ya 1959, na mstari mmoja kwenye karatasi

Ndugu zangu, leo niko na habari ya chupa moja ya damu.

Mwaka 1959, ule ulioanza na fujo za tarehe 4 Januari kule Léopoldville, daktari Mmarekani wa mambo ya urithi, Arno Motulsky, alikuja kukusanya damu katika Kongo ya Wabelgiji. Swali lake lilikuwa la maana: kwa nini anemi SS, na upungufu wa enzimu ya damu inayoitwa G6PD, vinaonekana sana pale malaria iko nyingi? Leo tunajua: mtu aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, malaria kali haimshiki kirahisi. Ndiyo sababu ile S haikuisha kwetu.

Damu ikabaki kwenye baridi. Mwaka 1986 watafiti wengine walitangaza kwamba wamepima sampuli 1213 za zamani kutoka Afrika, wakitafuta virusi vya SIDA. Ya mwanaume mmoja wa Léopoldville, ya 1959, ilikuwa navyo. Mwaka 1998 habari za virusi vyake zikatoka katika jarida la Nature, na zikasaidia kuonyesha kwamba SIDA ilianza zamani kuliko watu walivyodhani. Sayansi ilifaidika, sibishi. Lakini damu ya yule baba ilijibu swali ambalo mwaka 1959 hakuna mtu duniani angeweza kumuuliza. Jina lake halijulikani. Tangazo la Helsinki, linalodai mtu aelezwe kabla ya kufanyiwa utafiti, lilikuja 1964.

Mimi ni mtu wa agronomia, mambo ya hospitali si yangu. Ila nilipomaliza lisansi nilipata kazi ya wiki chache: kutafsiria watafiti wa anemi SS katika vijiji vya Kabare, juu nasema Mashi na Kiswahili. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Kwenye neno « héréditaire » nikasema haraka: ugonjwa wa damu ya ukoo. Nikaona nimeweza!

Kesho yake mama mmoja, mwenye mtoto SS, akanifuata njiani. « Mwanangu, jana umesema nini? Shemeji yangu anasema umethibitisha damu mbaya ni ya kwetu, mimi ndiye niliileta. »

Nilisikia haya. Damu, kama makila ya Lingala, ndilo neno letu la undugu, lakini linadanganya. Damu tunaiona kama maziwa: ukimwaga uchafu upande mmoja, yote inaharibika, na aliyemwaga ana kosa. Urithi haufanye vile. Kuwa SS, mtoto anapokea S moja kwa mama na S moja kwa baba, na hao wawili wanaweza kuwa wazima kabisa.

Tukaenda kwake, nikaomba shemeji pia aje, nikachukua mahindi. Kila mlimaji wa pale anajua: panda mahindi meupe karibu na ya shamba la jirani ya manjano, utavuna gunzi lenye punje za manjano kati ya nyeupe. Nikawauliza: ukipanda hizo za manjano peke yake, mbali, utavuna nini? Mama akajibu kabla yangu: « Nyeupe zitarudi. » Zilikuwa zimejificha. Shemeji akanyamaza, akageuza gunzi mkononi.

Palibaki hesabu. « Mmoja kwa wanne » yeye alisikia kwamba akishapata mgonjwa, watatu wanaofuata watapona. Hapana, kila mimba inaanza upya. Tulirusha sarafu mbili mpaka giza likaingia.

Sasa alipoelewa ndipo akauliza maswali ambayo karatasi iliyaogopa. « Mukipima mtoto, si mumenipima na mimi, na baba yake? » Ndiyo, Mama, kwa sehemu. Halafu akataka nimsomee tena mstari wa mwisho, ule wa « tafiti zingine za baadaye ».

« Baadaye ni lini? »

Nikamweleza ya yule baba wa Léopoldville. Akasema atatoa damu kwa ajili ya SS, lakini ule mstari ufutwe. Nikapeleka ombi kwa mkubwa wa kazi. Akajibu kwamba fomu haibadilishwe kwa mtu mmoja.

Mama hakutia saini. Kwenye ripoti waliandika: amekataa, hakuelewa.

Mimi ndiye nilitafsiri, najua alielewa.